Ubishi wa Rangi ya Waridi

Kibanda cha Mama Pini kilikaa kati ya duka la dawa na duka la mikate, na ndani yake zilitosha cherehani moja, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na mteja mmoja asiye mnene. Akija mnene, Mama Pini alimpimia mlangoni, yeye akiwa nje na mteja akiwa ndani, futi ya kupimia imemzunguka mteja kama kamba ya mbuzi. Alikuwa akilisema hilo mwenyewe kwa kucheka, na hata wanene walicheka, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa na ulimi wa pole usiomwachia mtu kidonda.

Jina la Pini lilikuwa la binti yake, na binti naye alipewa na wateja. Mtoto alizaliwa na tundu kwenye moyo. Madaktari walisema asikimbie, asibebe vizito, asipandepande ngazi. Basi wenzake walipokuwa wakiruka kamba barabarani, yeye alikaa kwenye kigoda miguuni pa mama yake, ameshika sumaku iliyofungwa uzi, anavua pini zilizoanguka sakafuni kama mtu anayevua samaki. Mteja mmoja akauliza, huyu naye ni pini gani anayeokota pini wenzake, maana mtoto alikuwa mwembamba, kichwa kikubwa na shingo kama kijiti. Jina likamganda. Mwenyewe alilipenda. Alisema pini ni kitu kidogo, lakini ikichomoka kabla ya wakati wake gauni zima linamwagika.

Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi mtoto akiwa na miaka minne. Kazi aliipata, na nyumba nyingine akaipata hukohuko. Mama Pini hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwa maneno mengi kuliko hayo.

Kila mwezi mama na binti walikwenda hospitali kupimwa moyo. Foleni ilikuwa ndefu, na Pini hakupenda kukaa ukumbini akisikiliza watu wakikohoa, kwa hiyo alitoka akakaa kwenye benchi la bustanini. Mwaka alipotimiza miaka kumi na mitano alimkuta mtunza bustani akipogoa mawaridi, vijiti vimejaa kwenye toroli vinangoja kutupwa. Akaomba vitatu. Yule bwana akamfundisha: kata kwa mshazari chini ya kifundo, choma ardhini vifundo viwili, mwagilia kidogo, halafu acha kukichimbuachimbua kutazama kama kimeota mizizi.

"Ni ya rangi gani haya?" Pini akauliza.

"Rangi zote zimo humu, mwanangu. Yakiwa vijiti yanafanana. Utayajua siku yatakayochanua."

Mbele ya kibanda, kati ya mtaro na barabara, kulikuwa na ukanda mwembamba wa ardhi penye nguzo ya umeme. Udongo wake ulikuwa mgumu kama sakafu, na kila mwenye ndoo ya maji machafu alikuwa na ruhusa yake mwenyewe ya kuyamwaga pale. Pini alipachimba kwa kijiko cha bati, akipumzika kila baada ya vijiko vitano. Kijiti kimoja kilipitiwa na gurudumu la mkokoteni. Cha pili kilikauka tu, bila kuonewa na mtu. Cha tatu, kilichokuwa karibu na nguzo, kikatoa jani moja dogo lenye rangi kama ya damu ya mzee, Pini akamwita mama yake kwa sauti ambayo madaktari walikuwa wamemkataza.

Akakisimamishia ufito, na kutoka kwenye mfuko wa vipande akachagua utepe mwekundu, akafunga. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Litakuwa jeupe," Pini alisema.

"Jekundu," mama yake akajibu bila kunyanyua mguu kwenye cherehani. "Tazama miiba hiyo. Kitu chenye ukali huo hakiwezi kuwa cheupe."

"Unasema jekundu kwa sababu utepe mwekundu uko mbele ya macho yako."

"Na wewe unasema jeupe kwa sababu mimi nimesema jekundu."

Wakawekeana dau. Waridi likiwa jekundu, Pini atashona vifungo vyote vya wateja kwa miezi miwili bila kununa, kazi aliyoichukia kuliko dawa zake. Likiwa jeupe, Mama Pini atamshonea gauni kwa kile kitambaa cha manjano kilichokaa rafuni siku nyingi, tena gauni lenye mifuko miwili mikubwa. Hilo la mifuko lilikuwa ndilo gumu. Mama Pini aliamini kwamba mifuko huvunja mkao wa gauni; alisema mtu ukimpa mfuko ataweka simu, kisha funguo, kisha vitunguu, na mwisho wa siku lawama inamrudia fundi. Lakini alikubali, na siku hiyohiyo akamsimamisha binti mbele ya kioo akampima, akaandika namba kwenye daftari la vipimo: mabega, kifua, kiuno, mkono. Urefu hakuuandika. Urefu wa gauni, kwake, ulipimwa mwisho kabisa, mwenyewe akiwa amelivaa na amesimama wima, kwa sababu kila mtu ana namna yake ya kusimama.

"Na sharti moja," Pini akasema. "Lichanue lenyewe. Usije ukalifungua kwa wembe wako wa kufumulia. Nakujua, mama."

Mama Pini akacheka mpaka uzi ukakatika.

Mwaridi ulikua pole pole, kwa mwendo wa Pini mwenyewe. Ulitoa matawi, ukatoa miiba, ua haukutoa. Na kabla haujatoa, moyo wa Pini ulichoka. Ilikuwa Jumanne asubuhi, chai imeshanywewa, binti amekaa kwenye kigoda chake anashona vifungo vya shati la mteja, maana hata kabla ya kushindwa alikuwa anamsaidia mama yake. Alikuwa kwenye kifungo cha nne. Aliegemea mguu wa meza kama anayetaka kupumzika kidogo. Mama Pini alikuwa na pini mdomoni na kitambaa mkononi, akaongea naye kwa meno yaliyofumba kiasi cha dakika mbili nzima kabla ya kugundua kuwa hajibiwi.

Shati lile alilimalizia fundi wa mtaa wa pili.

Mama Pini hakumnunia Mungu. Aliendelea kwenda kanisani, aliendelea kushona vitambaa vya madhabahuni bila kuombwa. Ila katika sala zake lilipungua neno moja. Zamani alikuwa akisema "nipe", sasa hakujua aombe nini. Alikuwa akipiga magoti, anataja jina la binti, lile la ubatizo na lile la Pini, ili Mungu asije akachanganya, kisha ananyamaza. Na kila asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, alimwagia mwaridi kikombe kimoja cha maji. Hakumwambia mtu ule mti ni wa nani. Aliona haya kuonekana kama anayetunza kaburi pembeni ya mtaro. Waliopita waliona kichaka cha miiba kando ya nguzo, basi.

Ikapita miezi kumi na minne.

Ndipo dada wa duka la dawa, aliyelichukua duka hilo baada ya msiba, alipokuja na habari ya kuupamba mtaa. Alikuwa mwanamke wa mipango, asiyeweza kuona foleni asiipange. Alisema mtaa wao umechakaa hadi wateja wanapita wamejiziba pua, na kwamba serikali ikingojwa ilete maua, watakuja kuwekewa juu ya makaburi yao. Kila mwenye biashara angetoa alicho nacho. Kituo cha mafuta kikatoa matairi chakavu. Duka la vifaa vya ujenzi likatoa rangi zilizobaki kwenye makopo, pamoja na majembe ya kuazima. Mwenye duka la mikate, bwana mmoja mpana aliyeingia mtaani miezi saba iliyopita, waliyemwita Tanuri kwa sababu alitoka jasho hata akiwa amekaa, akasema atatoa mikate, chai na mikono yake miwili. Wanakwaya, walimu na vijana wa mpira wangejitolea kuchimba na kupanda.

"Na mimi nitoe nini?" Mama Pini akauliza. "Maua ya vitambaa?"

Dada wa dawa akamwambia atoe alama. Maana mara ya mwisho walipofanya usafi, watu wenye nia njema kabisa walimng'olea mpapai wake na kuuacha mbigili ukiwa umesimama kwa heshima. Safari hii magugu yatafungwa utepe mwekundu: huo ni wa kung'oa. Mti wa kubaki utafungwa utepe mweupe. Hata mtu asiyejua mchicha na bangi hatakosea.

Mama Pini alicheka, akakata tepe arobaini nyekundu na arobaini nyeupe. Nyekundu alizikata kwenye lile jora alilokuwa akishonea sketi za shule, lilelile lililotoa utepe wa Pini. Aliposhika mkasi hilo alilikumbuka, moyo ukamchoma, akaendelea kukata.

Ijumaa asubuhi alitoka na kikombe chake cha maji, akaliona tumba.

Lilikuwa moja, dogo kama ncha ya kidole cha mwisho, limejifunga kwa kijani kitupu. Hakuna rangi iliyochungulia popote. Aliinama akalitazama upande huu, akalitazama upande ule, mwanamke wa miaka hamsini na kitu amechuchumaa kando ya mtaro anabembeleza kijani. Akasema kwa sauti, "Haya, bibiye. Tutaona sasa." Na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne akajua la kuomba. Hakuomba makubwa. Aliomba tu lichanue, alione, aweze kumwambia binti yake kaburini nani ameshinda.

Alipokuwa ameinama akaona ule utepe wa zamani umepauka na unalikaba shina. Mti ulinenepa, fundo likabaki palepale. Akalifungua kwa meno. Ndani kibandani ulikuwepo utepe mmoja uliozidi kwenye zile arobaini nyekundu. Akautoa, akafunga vizuri, si kwa kukaza wala kulegeza, akaweka fundo la kipepeo kama analowafungia watoto kiunoni. Ule wa zamani akautia ndani ya Biblia yake.

Alijua maana ya utepe mwekundu. Zote arobaini alikuwa amezikata yeye. Lakini zile zilikuwa alama, na huu ulikuwa mshipi wa Pini. Kichwani mwake vitu hivyo viwili havikukaa chumba kimoja. Jioni dada wa dawa alipopita akifunga alama kutoka mwanzo wa mtaa mpaka mwisho, aliukuta ule mti wa miiba umeshafungwa. Akaona fundo la fundi mwenyewe. Akashukuru moyoni kwamba kuna mtu amempunguzia kazi, akapita.

Jumamosi Mama Pini hakuwepo. Alikuwa na bibi harusi. Alitoka saa mbili na nusu na begi lake la sindano, akaenda kumvalisha, na huko zipu ikakataa. Ilipanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Bibi harusi akaanza kulia, shangazi zake wakaanza kugombana ni nani aliyemlisha sana wiki ile. Mama Pini akawatoa wote chumbani, akamwambia binti avute pumzi, akaifumua zipu nzima, akamshonea gauni mwilini kwa mkono, mshono mmoja mmoja, huku akimwimbia wimbo wa kanisani polepole ili asitetemeke. Binti alipojitazama kwenye kioo akamkumbatia, akamwita mama. Mama Pini alirudi njiani akitembea kwa furaha ndogo aliyoiogopa kidogo, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi juu.

Aliingia mtaani saa saba. Hakuutambua. Matairi yamepakwa rangi ya samawati, ya machungwa, ya kijani, yamepangwa kando ya mtaro kama shanga, na kila tairi lina udongo mweusi na miche. Vumbi limemwagiwa maji. Wanakwaya wamekaa ukutani wanakula mikate, miguu yao ina matope hadi magotini. Watu walimpigia makofi alipopita, fundi wa tepe. Alikuwa anatabasamu na kuitikia, macho yake yanakwenda mbele kutafuta nguzo ya umeme.

Kando ya nguzo palikuwa na shimo.

Lilikuwa shimo safi, pembe zake zimenyooshwa, na kando yake tairi la manjano linangoja kuwekwa. Mama Pini aliweka begi lake chini. Hakuuliza mtu. Alitembea hadi mwisho wa mtaa, ulikokuwa mkokoteni wa magugu, akaanza kuyatoa moja moja: mbigili, matete, mizizi yenye madongo, na karibu kila shina lina utepe wake mwekundu, mafundo arobaini yaliyofanana. Tanuri alikuwa hapo anapakia. Akamtania, kama alivyozoea kumtania kila asubuhi.

"Mama Pini, takataka hizo zimeshachambuliwa. Au umedondosha sindano?"

"Kuna kitu changu humu," alisema.

Aliujua kwa fundo la kipepeo. Ulikuwa chini kabisa. Jembe lilikuwa limekata mzizi mkubwa pembeni, na matawi mawili yamevunjika, lakini tumba lilikuwa bado juu, limefumba. Akavua mtandio wake, akauviringisha ule mti ndani yake miiba na yote, akaubeba kifuani. Mikono ilimtoka damu, na hakusikia. Tanuri alibaki ameshika jembe, taya limening'inia. Alikuwa na akili ya kutosha kutambua kwamba mzaha wake umeangukia mahali pabaya, ila mahali penyewe hakupajua.

Nyuma ya kibanda Mama Pini alifanya kila alichofundishwa Pini. Shina alilipanda kwenye ndoo yenye udongo mzuri. Tawi lenye tumba alilikata kwa mshazari chini ya kifundo, akalitia kwenye glasi ya maji, akaiweka juu ya meza ya cherehani penye mwanga. Jumatatu akafungua kibanda kama kawaida. Wateja walikuja kusifia mtaa. Alikubali kwamba umependeza, kwa sababu ulikuwa umependeza kweli, na hakutaka kuwaharibia.

Dada wa dawa alikuja Jumatatu hiyohiyo, akaona glasi, akaona mikono yenye mikwaruzo, akauliza. Mama Pini akamweleza yote, taratibu, macho yake yakiwa kwenye mshono. Dada wa dawa alikaa kwenye kigoda cha Pini bila kujua ni kigoda cha nani. Alilia kama mtoto. Alisema yeye ndiye aliyepita akaona alama akaiacha; alisema alidhani ni mchongoma uliojiotea tu; alisema laiti angeuliza. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mipango, akajifuta uso akasema kuna njia: tumba bado bichi, likifunguliwa leo kwa uangalifu rangi itaonekana. Wembe wa kufumulia ulikuwa pale mezani, karibu na glasi.

Mama Pini alibandua uzi uliokwama kwenye wembe.

"Alisema lichanue lenyewe," alijibu.

Akaubeba wembe akautia kwenye droo.

Jumatano Tanuri akaja. Kofia yake ya unga alikuwa ameivua, anaisokota mikononi, na jasho linamtiririka ijapokuwa asubuhi ilikuwa ya baridi. Mlangoni nyuma yake alikuwa ameacha ndoo mbili ndogo za plastiki, kila moja ina mwaridi wenye maua, mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Alikuwa amekwenda kwenye kitalu mwenyewe. Alianza kujieleza hata kabla hajakaribishwa. Alisema aliyeshika jembe siku ile ni yeye. Aliuona mti una uhai, akajiuliza mara mbili, hata akamwambia mwalimu mmoja mbona huu una tumba; ila utepe ulikuwa mpya kabisa, umefungwa kwa makini kuliko zote, akasema basi, wenye mtaa wanajua wanachokitaka.

"Nimeleta wa kufidia, mama. Sikujua nichukue upi. Ule wako ulikuwa wa rangi gani?"

Mama Pini alitazama ndoo hii, akatazama ile.

"Sijui," alisema. "Ndicho nilichokuwa nakingoja."

Na kwa kuwa yule bwana hakuelewa, ilibidi amweleze: kijiti cha hospitali, ubishi, vifungo, gauni la manjano. Alieleza kwa kifupi, lakini alipofika kwenye mifuko akaonyesha ukubwa wake kwa viganja viwili. Tanuri alisimama mlangoni ameziba mwanga wote. Alisema, kwa sauti nzito, kwamba Mungu amsamehe mkono wake.

"Mkono wako hauna kosa, baba," Mama Pini akamwambia. "Jora ni langu, mkasi ni wangu, na fundo nililifunga mimi. Wewe ulisoma tu nilichoandika. Nenda, mikate yako inaungua."

"Haiungui, mama. Leo sijawasha."

Hapo ndipo Mama Pini alipolia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile, na yule bwana mpana, asiyejua afanye nini, akachuchumaa kwenye kile kibanda kisichotosha, akaanza kuokota pini zilizoanguka sakafuni, moja moja, kwa vidole vyake vinene vya kukandia unga.

Miwaridi ile miwili hakuipanda kando ya nguzo. Alisema asingeweza kuchagua mmoja, maana kuchagua ni kuamua ubishi, nao haukuwa wake peke yake. Akamwomba Tanuri aipande mbele ya duka la mikate, yote miwili, na aimwagilie kikombe kimoja kila asubuhi kabla ya kufungua. Akaipanda. Ipo mpaka leo, inachanua vizuri sana, na watu wanasimama kupigia picha.

Lile tumba lilikaa kwenye glasi siku tisa. Mama Pini alibadilisha maji kila siku, akakata ncha ya kijiti kila siku. Siku ya tatu alidhani limenenepa. Siku ya tano shingo yake ililegea, likainama kama mtu anayesinzia ibadani. Akaliegemeza na sindano ndefu. Siku ya saba kijani kikaanza kuwa cha kahawia kutoka chini. Aliomba tena ombi lake lilelile, akaliomba hadi maneno yakawa hayana ladha. Siku ya tisa alilitoa, likiwa jepesi na kavu, bado limefumba kama lilivyokuwa Ijumaa ile. Kule nyuma kwenye ndoo shina lilikuwa jeusi. Alilikwaruza kwa ukucha kutafuta kijani, akakwaruza mpaka chini. Hakikuwepo.

Dada wa dawa alimuuliza kama sasa atalifungua. Alisema hapana. Ndani kungekuwa na rangi ya majani ya chai tu, na yeye hakutaka jibu hilo liwe ndilo jibu.

Alikaa siku kadhaa hajui afanye nini. Kisha asubuhi moja alipanda juu ya kigoda, akakishusha kitambaa cha manjano kutoka rafuni, akapangusa vumbi. Alifungua daftari la vipimo akautafuta ule ukurasa. Mabega, kifua, kiuno, mkono. Alijiambia kwamba aliyebaki ndiye aliyeshindwa, hakuna namna nyingine ya kuhesabu. Akachora kwa chaki, akakata. Alishona siku tatu, katikati ya kazi za watu, na hakuna mshono aliowahi kuunyoosha kama mishono ile. Mifuko aliifanya mikubwa, mikubwa kweli, ya kuingia mkono mzima mpaka kifundo, akaipiga mishono miwili ili isichanike hata ikitiwa vitunguu. Kwenye mfuko wa kulia akatia lile tumba, limeviringishwa kwenye utepe uliopauka.

Gauni alilitundika ukutani karibu na kioo. Lina kola, lina mikono, lina vifungo saba alivyovishona yeye mwenyewe. Wateja wanaliulizia. Mmoja, mwanamke aliyekuja na binti yake mwembamba, alilishika akaligeuza, akashangaa kuona chini hakujapindwa. Ukingo ulikuwa umekunjwa tu kwa kubahatisha, umezungushiwa pini kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mbona fundi hujalimalizia upindo?"

Mama Pini aliondoa pini mdomoni ili ajibu vizuri.

"Upindo hupimwa mwenyewe akiwa amesimama," alisema, kisha akamwomba yule binti mwembamba asogee mbele ya kioo, anyooshe mgongo, ampime.